Mtoto kalilia wembe, kapewa

Picha sikupiga maana ningeona haya. Mie mbele ya kioo cha bafuni, kifua wazi, nusu ya uso ina povu nusu ina vipande vya tishu vilivyogandia damu, na mlangoni bibi yangu kasimama anacheka mpaka kajishika mbavu. "Mume wangu, leo umechinjwa?" Hiyo ndo asubuhi ya kwanza nilojinyoa kwa wembe wa babu.

Siyo wembe huu wa paketi jamani, nasemea ule mrefu wa kukunja, wenye mpini wake, ambao vinyozi wa zamani walikuwa wakiunoa kwenye mkanda wa ngozi huku wanapiga soga. Niliukuta kwenye sanduku la bibi siku tulipokuwa tunatafuta hati ya nyumba (hati hatukuiona, hiyo habari nyengine). Umefungwa kwenye kipande cha kanga kilichorowa mafuta, mpini mweusi, na pale kwenye shina la chuma umechorwa neno Solingen. Solingen ni mji wa Ujerumani, visu na nyembe ndo kazi yao tokea hapo kale, wenzao wa Uingereza ni Sheffield, na nyembe kongwe za namna hii nyingi zimetoka kwenye miji hiyo miwili. Baadae akaja Mmarekani King Gillette na wembe wake mwembamba wa kutupa, 1903 ndo kaanza kuuza, na hizi za kukunja zikaanza kwenda masandukuni taratibu.

Nikamwambia bibi nautaka. Akasema mtoto akililia wembe mpe, akanipa, kisha akatia na neno moja ambalo mie sikulishika: "Babu yako hakuulaza hata usiku mmoja bila mafuta."

Kilonifanya niutake ni vipele. Ndevu za kidevuni naziacha, lakini mashavu na shingo hunyoa, na nywele zangu ni za kipilipili khasa. Zile nyembe za plastiki zenye makali mawili matatu, kali la kwanza linauvuta unywele juu, la pili linaukata, ukijirudia unakuwa umezama chini ya ngozi, na kwa sababu ni wa kujikunja ukianza kuota unapinda unaichoma ngozi kwa ndani. Ijumaa nimenyoa, Jumapili shingo kama nimeumwa na siafu. Wembe wenye kali moja unakata usawa wa ngozi tu, hauvuti. Ila usidhani ni dawa, ukinyoa kinyume na zinavyolala nywele vipele utavipata vile vile, mie nimejaribu na nimevipata.

Sasa mbona siku ile nilichinjwa? Kwa sababu wembe ulikuwa butu! Mie nilidhani wembe mkali ndo unaokata mtu, kumbe butu ndo hatari, maana haukati nywele, unakwaruza, basi weye unakandamiza, na ukikandamiza ndo umekwisha. Wembe uliokaa sawa unatembea kwa uzito wake wenyewe, unasikia sauti tu kriii kriii kama mtu anapara samaki mdogo.

Kwa hivo kazi ya mwanzo siyo kunyoa, ni makali. Na hapa nilipoteza kama mwezi mzima. Kinoo cha jikoni usikiguse kabisa, kile cha visu, utaliua kali. Jiwe la wembe ni laini, yana namba, namba ikipanda jiwe linazidi kuwa laini. Ami yangu aliporudi Maskati aliniletea la pande mbili, 4000 huku na 8000 kule. Unaulaza wembe bapa kabisa, mgongo na kali vyote vimegusa jiwe, unausukuma kali likiwa mbele. Huna haja ya kukisia pembe, mgongo wa wembe umetengenezwa na unene wake makusudi ili ukiulaza tu pembe inakuja yenyewe, nani aliyefikiria hivi sijui lakini alikuwa na akili. Jiwe siyo la kila siku, mara moja kwa miezi kadhaa inatosha.

Cha kila siku ni mkanda. Niliulizia madukani nikachoka, mwisho nikaenda kwa fundi mmoja wa makubadhi, nikamwambia nataka ngozi ya ng'ombe, laini, upana wa vidole vinne, urefu wa mkono mpaka kiwiko na zaidi kidogo, utoboe tundu nitie msumarini. Akanitazama. "Unataka kumpiga nani?" Nikamwonesha wembe, akanyamaza, akaushika kwa heshima utafikiri kashika mtoto mchanga, akanambia babaake alikuwa nao. Akanikatia ngozi nzuri sana na bei akanifanyia ya kindugu.

Kwenye mkanda mambo ni kinyume na jiwe. Mgongo unatangulia, kali linafuata nyuma, ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, usiugeuze kwa kali, unarudi. Mkanda uvute uwe umekaza, ukilegea unalivimbisha kali linakuwa duara. Mie huenda na kurudi mara hamsini kabla ya kila kunyoa. Siku ya pili tu nilijifanya fundi, nikaenda mbio kama wale wa kwenye video, nikaugeuza vibaya na kuukata mkanda mpya wa watu, alama ipo mpaka leo. Nenda polepole, mbio zitakuja zenyewe au zisije, mashavu hayana habari.

Kunyoa kwenyewe nasema kwa ufupi maana mikono hujifunza wenyewe. Oga kwanza, maji ya moto, ndevu zilainike. Povu zito la sabuni kwa brashi, siyo la kupaka kwa kiganja. Vidole vitatu juu ya shina, kidole cha mwisho kwenye kimkia, yaani ile ncha ya chuma iliyopinda nyuma ya shina, dole gumba chini. Ulaze wembe shavuni halafu unyanyue mgongo kidogo, kiasi cha digrii thelathini. Mkono wa pili unavuta ngozi ikaze, hili watu wanalisahau na ndo nusu ya kazi. Wembe uende njia moja tu, mbele, ukiuteleza kwa ubavu hata nukta moja unakata kama unakata papai. Na ukikuponyoka usiudake!! Uache uanguke, wembe utanunua, vidole hununui.

Wiki mbili za mwanzo mie nilinyoa shavu moja tu kuanzia kwenye sharafa, lilobaki nikamalizia na wa plastiki. Shavu ni uwanja, limetambaa. Kwenye taya ndo kona zinaanza, na pale koromeoni mpaka leo nashusha pumzi kwanza. Weka na shabu karibu, jiwe lile la sokoni, unalirowesha unajipaka, linawasha vibaya ila damu inakata.

Wapo watakaokwambia uanze na ule wanaotumia vinyozi wetu, unavunja wembe wa paketi katikati unautia nusu, ukimaliza unatupa. Kwa kinyozi ni sawa kabisa na ndivyo inavyotakiwa, kila kichwa na wembe wake mpya, maradhi ya damu hayana mchezo, na mie huu wangu simuazimi mtu hata ndugu. Lakini kwa kujifunzia mimi siupendi, ni mwembamba na mwepesi, kosa dogo unalipa hapo hapo. Wa babu mzito, unakuonya kabla.

Sasa ile kauli ya bibi. Nyembe hizi za zamani ni chuma kinachoota kutu, siyo cha pua, na sisi nyumba yetu ukifungua dirisha unasikia harufu ya bahari. Mwezi wa nne, masika imeshika, nikapata habari ya msiba Wete. Nikanyoa mbio, nikaukausha kwa taulo, nikauacha pale pale bafuni nikawahi boti. Nilikaa siku kumi na mbili. Narudi naufungua, vidoa vya rangi ya kahawia kwenye kali mzima mzima, wallahi moyo ulinidunda. Nilikaa na jiwe jioni nzima, vingi vikatoka, kimoja kule nchani kishakula chuma, kimeacha pengo dogo hulioni kwa macho ila ukipitisha shavuni unalisikia. Nikienda mdomo wa juu ile ncha naikwepa.

Nilimwambia bibi nikitegemea atanisema. Hakunisema. Aliinuka akaenda kwenye cherehani yake, akaleta kile kichupa cha mafuta chenye mdomo mrefu, akatia tone moja kwenye kile kile kipande cha kanga, akaufuta wembe pande zote mbili kutoka mgongoni kuja kwenye kali, mkono hautetemeki, na ana miaka themanini na kitu. Kumbe kazi hiyo alikuwa akiifanya yeye miaka yote, babu ananyoa tu na kuondoka zake.

Siku hizi wembe unalala sandukuni mwake, bafuni haukai. Na kila usiku kabla hajafunga mlango wake bibi ananipigia kelele kutoka ndani, "Mume wangu, mwenzio umemtia mafuta?"