Skrubu za kisigino zimekaa: kumbukumbu ya buti zangu za barafu

Asubuhi ya leo nimepindua buti zote mbili mezani nikahesabu. Nilifunga skrubu 28 kwenye soli ili nisiteleze kwenye barafu, na zote 28 zipo. Nimehesabu tena kuanzia upande wa pili: 28. Siku 12 nzima nimekanyaga barafu kila siku, na hakuna hata moja iliyong'oka. Nimefurahi kupita kiasi.

Skrubu ni zilezile za tangu mwanzo, za mabati, namba 8, urefu wa milimita 9.5, kichwa cha pembe sita chenye mfuo wa bisibisi. Hapo sijagusa kitu. Kingo za kichwa ndizo zinazong'ata barafu, nazo zinafanya kazi yake vizuri. Kilichonitesa wiki tano ni visigino. Skrubu za mbele zilitulia tangu siku ya kwanza, lakini za kisigino nilikuwa naziacha njiani kama mtu anayepanda mbegu. Natoka nyumbani na tano, narudi na mbili.

Kwanza nililaumu drili. Nikaona inazunguka kwa kasi, raba inapata moto na kumung'unyuka, kisha hesi zinakosa pa kushika. Nikaiweka kando, nikafunga kwa mkono. Zikang'oka. Nikalaumu tundu la kuanzia, nikaacha kabisa kutoboa. Zikang'oka vilevile. Nikanunua gundi ya poliyurethani, nikapaka, nikaacha ikauke siku mbili. Skrubu ilipotoka ilitoka na gundi yake, imeivaa mwili mzima, ngumu, safi, bila chembe ya raba iliyonata. Hilo lilipaswa kuniambia jambo, lakini nilikuwa na hasira nikaitupa.

Kisha nikafanya kosa ambalo sitalirudia: nikaweka skrubu za milimita 13. Nilipokuwa nashuka ngazi nikahisi ncha inanichoma kupitia soli ya ndani. Nilizifungua hapohapo nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Soli ipimwe kabla ya kuchagua urefu, hasa buti zikiwa zimelika.

Jumamosi iliyopita kabla ya hii nilichukua buti la zamani la aina ileile, nikalibana kwenye jiliwa, nikakikata kisigino katikati kwa msumeno wa chuma. Ndani ni sega la nyuki! Vyumba vitupu, kimoja baada ya kingine, vimetenganishwa na kuta nyembamba, na chini yake tabaka la raba la milimita nne hivi. Nusu ya skrubu yangu ilikuwa inaning'inia hewani. Hakuna gundi inayoshika hewa. Watengenezaji huacha uwazi huo ili buti liwe jepesi na raba isitumike nyingi, na kwa mtembezi wa kawaida halina ubaya. Kwangu mimi lilikuwa jibu la wiki tano.

Sasa, buti ninalovaa siwezi kulikata. Nikatumia sindano nene ya kushonea viatu. Naishika kwa koleo, naipaka sabuni kidogo, naisukuma kwenye soli. Penye raba nzima inagoma na kuingia polepole. Penye uwazi inagoma kidogo halafu inazama ghafla, mkono unahisi kabisa. Nikachora kwa chaki: duara penye raba, mkato penye uwazi. Kisigino kilipojaa alama, picha ikawa wazi: raba nzima iko ukingoni tu, mkanda wenye upana wa kidole kuzunguka kisigino.

Na ukingo wa nyuma ndipo mguu unapotua kwanza, ndipo mtelezo mbaya unapoanzia. Kwa hiyo sikupoteza kitu. Nimefunga tano kila kisigino kufuata ukingo huo, zikiwa zimesimama wima, na tisa mbele kwenye meno ya pembeni. Katikati ya soli nimepaacha.

Kuhusu vifaa: kwa kazi hii soketi ya robo inchi yenye mpini wa bisibisi inaishinda drili mbali sana. Unasikia raba inavyokaza, na unajua pa kuacha. Ukizidisha nusu mzunguko umeshachana raba, na tundu hilo halitashika tena. Drili haikwambii chochote.

Jaribio nimelifanya kwa ubao nilioumwagia maji na kuuacha nje usiku kucha. Buti likiwa na dumu la maji ndani ya shingo yake, nainua upande mmoja wa ubao kwa matofali. Lisilo na skrubu liliteleza kwenye tofali la kwanza. Lenye skrubu lilivuka la tatu. Nilipanga kurudia jaribio mchana, barafu inapoanza kuyeyuka na kuwa na utando wa maji juu, kwa sababu hiyo ndiyo barafu mbaya kuliko ile kavu ya baridi kali. Sijarudia, kwani limenijia wazo jingine.

Skrubu hizi ndani ya jengo ni hatari. Kwenye vigae laini chuma hakishiki kitu, nusura nianguke mlangoni, na sakafu ya mbao zinaikwaruza. Nikakumbuka watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliopata tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2010, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha, kwa kuonyesha kwamba ukivaa soksi juu ya viatu kuteleza kunapungua kwenye njia zenye barafu. Watu walicheka, lakini soksi unaivua mlangoni. Je, skrubu nazo zikivuliwa?

Kwa hiyo skrubu zenye ncha ya carbide, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, nilizokuwa nimepanga kuzijaribu zinasubiri. Badala yake natengeneza kitu cha kuvalisha juu ya buti na kukivua mlangoni: nimekata tyubu ya baiskeli vipande viwili, kimoja cha kukumbatia ncha ya buti na kimoja kisigino, na vipande vinne vya mnyororo mwembamba vya kupita chini. Kipande cha kisigino kinateleza kwenda juu kila nikipiga hatua ya kumi hivi. Nimeshaanza kukilaumu, lakini safari hii nitakikagua kwanza.