Mtambo wangu wa bayogesi ulivyochacha, na nilivyourudisha bila kuumwaga

Kila mtu ana dawa ya mtambo wa bayogesi uliogoma, yani lile tangi linalogeuza mabaki ya chakula na samadi kuwa gesi ya kupikia. Huyu anakwambia ongeza chakula, bakteria wana njaa. Yule anasema mwaga hamira, mwingine chokaa, na kuna mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa nitie dawa ya klorini "kuua bakteria wabaya" afu nianze upya. Nimesikiliza yote hayo, mtambo wangu sasa unawaka vizuri kuliko zamani, na ukweli ni kwamba karibu kila ushauri niliopewa ungeumaliza kabisa.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na shughuli nyumbani, mabaki ya chakula yakawa mengi, wanga mtupu na matunda, watu wakasaidia kusafisha na ndoo zote zikaishia kwenye tangi. Siku chache mbele gesi ikawa nyingi ajabu, kila mtu anafurahi, ila ukiwasha jiko haishiki. Moto unaruka unazimika. Afu harufu ya tope linalotoka ikabadilika, ikawa ya uchachu mkali. Nikachovya karatasi ya kupimia pH, kipimo cha uchachu ambacho 7 ni katikati na kushuka chini yake ni asidi, ikaonyesha chini ya 6. Hapo nikajua.

Lazima uelewe kinachotokea mle ndani, maana bila hivyo utadanganywa na kila mtu. Mle hakuna kikosi kimoja cha vijidudu. Wapo wanaomeng'enya chakula kuwa vipande vidogo, wapo wanaogeuza vipande hivyo kuwa asidi, wapo wanaoshusha asidi hizo kuwa asidi ya siki na haidrojeni, na mwisho kabisa wapo wanaotengeneza methani, ndiyo gesi inayowaka. Hawa wa mwisho hata si bakteria, ni akea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox ndio walionyesha mwaka 1977 kuwa ni ukoo wake wa pekee. Tabu ni kwamba watengeneza asidi wanazaliana haraka, kwa masaa, na hawa wa methani wanachukua siku. Ukimwaga wanga mwingi kwa mkupuo asidi inajaa, pH inashuka, na wa methani wanapenda pH karibu na 7, kwahiyo wanadhoofika, asidi inazidi kujaa, wanadhoofika tena. Gesi unayoiona nyingi sehemu kubwa ni hewa ukaa, isiyowaka. Sasa mtu anayekwambia ongeza chakula hapo anakuzamisha.

Kuacha kulisha nilianza siku hiyo hiyo. Hilo halina mjadala.

Chokaa sasa. Jamaa mmoja mwenye uzoefu wa miaka na mitambo akaniambia mi nakuletea dawa, asidi inauawa na chokaa, hesabu ya shule ya msingi hiyo. Akaja nayo, akaikoroga na maji, akaimimina yeye mwenyewe kwenye mdomo wa kulishia, nyingi kweli. Nikapima pH baadaye kidogo, imepanda! Akacheka, akaaga. Nikiwa bado nimesimama pale nikasikia mlio, nikaangalia mpira wa maji ule uliopinda wa kuzuia gesi isitoke, maji yake yanapanda kuelekea kwenye tangi badala ya kusukumwa nje. Mgongo wa tangi ukaanza kuingia ndani kama chupa ya maji iliyonyonywa. Nikakimbia kufunga bomba la jiko ili hewa ya nje isivutwe ndani, kwa sababu methani ikichanganyika na hewa ikawa kati ya asilimia 5 na 15 hivi, cheche moja inatosha kulipuka.

Kilichotokea ni kemia ya kawaida tu. Chokaa inakutana na hewa ukaa, vinaungana na kuwa unga mgumu, kalsiamu kaboneti, ule unga wa mawe ya chokaa. Yani gesi iliyokuwa imejaza tangi inageuka jiwe na kuzama chini, nafasi yake inabaki tupu, tangi linajinyonya. Na pH? Kesho yake ilishuka tena karibu ilipokuwa, maana chokaa yote ilienda kufukuzana na hewa ukaa. Nilichobaki nacho ni tope zito chini ya tangi na tangi lenye kibonyeo hadi leo.

Baada ya hapo nikaapa hakuna dawa inaingia kwenye tangi kabla sijaiona ikifanya kazi pembeni. Na hapa ndo najisifu bila aibu. Nilikusanya chupa za plastiki za maji, nikazijaza tope lile lile lililochacha mpaka karibu na shingo, kila moja nikaitia dawa yake kidogo, nikafunga puto mdomoni na kuziweka zote sehemu yenye joto linalolingana. Moja sikuitia kitu. Moja hamira na sukari kama nilivyoelekezwa. Moja chokaa. Moja bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea mikate. Moja tope bichi kutoka mtambo wa mtu mwingine unaofanya kazi. Na moja soda pamoja na tope hilo. Ya klorini sikuigusa, na wewe usiiguse, klorini kwenye kitu chenye asidi inatoa gesi ya sumu, na hata isingetoa ingeua hao hao tunaowahitaji.

Puto la hamira lilisimama la kwanza, kubwa, zuri! Mtu angelipiga picha na kutangaza ushindi. Nikalikamua taratibu kwa mpira mwembamba, nje, mbali na uso, nikasogeza kijiti kinachowaka, kikazimika. Hewa ukaa tupu. La chokaa lilianza kuvimba kidogo afu likalala, likavutwa ndani ya shingo ya chupa, yale yale ya tangi kwa udogo wake. La soda peke yake likavimba polepole. La soda na tope bichi likachelewa, ila nilipotoa ile gesi ya mwanzo yenye hewa na kusubiri tena, kijiti kilishika mwali wa bluu. Nilipiga kelele watu wakatoka nje.

Kwenye tangi nilifanya hivyo hivyo. Soda inayeyushwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu, inaingia kidogo, unapima, unasubiri, kesho kidogo tena. Ukiimwaga yote sodiamu inazidi na hiyo nayo inawalemaza. pH ikifika 6.8 hivi acha. Tope bichi niliweka ndoo kadhaa, na hilo tope liwe limetoka mtambo unaowaka, maana samadi mbichi ya ng'ombe pia ina hao akea lakini inachukua muda zaidi. Gharama? Soda, chupa, puto, hela ndogo sana ukilinganisha na aliyetaka nimlipe kumwaga tangi zima na kuanza upya.

Kulisha nilirudi kwa vikombe, si ndoo. Mabaki ya wanga nachanganya na samadi, uwiano wa kaboni na nitrojeni ukiwa kati ya 20 na 30 kwa 1 vijidudu wanatulia. Watu wa nyumbani sasa wana ndoo yenye alama, ikijaa hapo basi, mengine yanaenda mboji.

Maji yanayotoka mwishoni mwa mtambo yalikuwa na rangi chafu, nikaambiwa weka shabu. Shabu inafanya kazi kweli, uchafu unagandana na kuzama, na inashika fosforasi, ila amonia inabaki ndani ya hayo maji yanayoonekana safi, na pia shabu inashusha pH. Niliona bora kuyapitisha kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, bakteria wanaoshika kwenye mawe na mizizi wanaigeuza amonia kuwa naitreti pale penye oksijeni. Yanatoka bila harufu, namwagilia miti.

Kuhusu ile harufu ya yai bovu, hiyo ni haidrojeni salfaidi. Inakula jiko na ni sumu, na ikizidi sana pua inaacha kuisikia, kwahiyo usiingize kichwa kwenye tangi hata kama "hainuki". Mi nimeweka kwenye bomba kipande kipana chenye steliwaya za kusugulia masufuria zilizoshika kutu, kutu ndiyo inayoishika salfa, mpya zinazong'aa hazisaidii. Zikiwa nyeusi nazitoa na kuzianika nje zishike kutu tena, juu ya zege na si karibu na nyasi kavu, maana zikikutana na hewa zinapata moto kweli.