Daftari langu la chesi: kukisia hatua za wakongwe, wiki ya 1 hadi ya 9

Mradi wenyewe ni mwepesi kueleza. Nimechagua michezo na mafumbo 40 ya chesi ya karne mbalimbali, na ninayapitia kwenye ubao wa mbao bila programu yoyote ya kompyuta. Hatua nazifunika kwa kipande cha kadi. Kabla sijafunua hatua ya bingwa, naandika ya kwangu na sababu yake. Sababu ndiyo ninayoitafuta, maana hatua mtu anaweza kuibahatisha.

Wiki ya 1 na ya 2

Nilianza na Mhispania Lucena, ambaye kitabu chake kilichapishwa Salamanca mwaka 1497. Humo mna ile mbinu ya kumnyima mfalme pumzi: malkia anajitoa mhanga kwenye mraba wa g8 (herufi ni safu ya wima, nambari ni safu ya mlalo), ngome ya adui inalazimika kumla, kisha farasi anatua f7 na mfalme aliye h8 hana pa kukimbilia kwa sababu kete zake mwenyewe zimemziba. Niliikisia yote. Kilichonishika ni majina. Wengi huiita urithi wa Philidor, ilhali kitabu cha huyo Philidor, Mfaransa, kilitoka 1749, miaka 252 baadaye. Na ile hali maarufu ya ngome na askari inayobeba jina la Lucena haimo katika kitabu chake. Aliyeichapisha ni Mwitaliano Salvio, mwaka 1634. Huyo Lucena amepewa kisicho chake na kunyang'anywa kilicho chake.

Wiki ya 3 hadi ya 6

Nilipanga siku tatu kwa Mmarekani Paul Morphy. Nimekaa naye karibu mwezi mzima.

Mchezo ni ule wa Paris, 1858, katika jumba la opera, Morphy akiwa na weupe dhidi ya wawili walioshauriana: aliyekuwa mtawala wa Brunswick na Count Isouard. Una hatua 17 tu. Nilipatia 8, nyingi zikiwa za mwanzo.

Kosa langu la kwanza ni hatua ya 8. Malkia wa Morphy yuko b3 na askari wa b7 hana mlinzi. Nikaandika: "Mle b7, faida ya bure." Nilipofunua kadi, Morphy alikuwa ametoa farasi wake c3. Nilikasirika kidogo, nikaucheza mstari wangu mpaka mwisho. Nikila b7, malkia mweusi anashuka b4 kwa cheki, yaani anamtishia mfalme wangu, malkia wanabadilishana, nami nabaki na askari mmoja wa ziada na safari ndefu. Morphy hakuutaka huyo askari. Alitaka kete zake zote zitoke nyumbani.

Hatua ya 10 ilinifundisha zaidi. Askari mweusi amesukumwa b5 kumfukuza askofu. Mimi nikamrudisha askofu nyuma. Morphy akamla askari huyo kwa farasi, akampoteza farasi, akapata cheki ya askofu, kisha akamhamishia mfalme upande wa malkia, na kwa hatua hiyo moja ngome yake ikawa imeshafika d1, ikitazama d7. Ngome hiyo nayo aliitoa. Ya pili ikachukua nafasi yake papo hapo. Hatua ya 16 malkia akaenda b8, farasi akamla, na ngome ikafunga kazi d8.

Nimeuacha ubao katika hali ile ya mwisho kwa siku mbili ili niutazame kila nikipita. Weupe wamebakiwa na ngome moja na askofu mmoja, ukiacha mfalme na askari. Weusi bado wana malkia, ngome, askofu na farasi. Lakini askofu wa f8 na ngome ya h8 hawajasogea hata mara moja tangu mchezo uanze. Zamani ningesema Morphy alishinda kwa kafara. Sasa naona kafara ilikuja mwishoni, baada ya kila kete yake kuwa kazini.

Wiki ya 7

Steinitz na Zukertort, 1886, shindano lililotoa bingwa wa kwanza rasmi wa dunia. Nilipitia mchezo mmoja, kwa haraka mno. Nitaurudia.

Wiki ya 8 na ya 9

Fumbo la Richard Réti, 1921. Kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8, askari wake c6. Mfalme mweusi yuko a6, askari wake h5. Weupe wanaanza na wanatakiwa wapate sare. Niliandika kwa uhakika kabisa: "Haiwezekani." Askari wa h ameshatangulia, hakamatiki kabla hajafika mwisho wa ubao na kugeuka malkia.

Jibu ni kutembea kwa mshazari: g7, f6, e5. Kila hatua inamsogeza mfalme karibu na askari wote wawili. Weusi wakipoteza muda kumla yule wa c6, mfalme anageuka f4, g3, na kumla askari h2. Wakiendelea kukimbia, anafika d6 na pande zote mbili zinapata malkia.

Nilihesabu kwa kidole. Kutoka h8 hadi h2 kwa mstari ulionyooka ni hatua 6. Kupitia e5, ni hatua 6 vilevile. Nimecheza chesi miaka mingi na sikuwahi kuhesabu hivyo. Réti ndiye aliyemfunga Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, huko New York mwaka 1924, baada ya Capablanca kukaa miaka minane bila kushindwa, na mchezo huo nimeuongeza kwenye orodha. Kwa hiyo sasa ni 41.

Unaofuata ni Steinitz dhidi ya von Bardeleben, Hastings 1895. Kete zimeshapangwa na kadi iko juu ya hatua ya 22. Nina makisio mawili na bado sijaandika lolote.