Yefta, Manley na Kikao cha Mirathi

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nilihudhuria kikao cha mirathi cha familia moja ya waumini wenzetu, na mzee yule yule aliyekifungua kwa sala akamwambia kijana mmoja atoke nje, kwa kuwa mama yake hakuolewa na marehemu. Kijana alichukua kofia yake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Tangu hapo Waamuzi 11 hainitoki moyoni, pale ndugu zake Yefta wanapomfukuza wakisema hatarithi katika nyumba ya baba yao, kwa kuwa ni mwana wa mwanamke mwingine.

Nimemkumbuka Michael Manley, waziri mkuu wa Jamaika kuanzia 1972 hadi 1980 na tena kuanzia 1989 hadi 1992, ambaye wafuasi wake walimwita Yoshua. Wengi humtaja kwa ushuru wa 1974 juu ya boksiti, madini yanayotoa alumini, au kwa urafiki wake na Mwalimu Nyerere. Mimi namtaja kwa sheria ya 1976 kuhusu hadhi ya watoto. Katika kisiwa ambacho watoto wengi walizaliwa wazazi wao wakiwa hawajafunga ndoa, sheria ya kale iliyotoka kwa Waingereza ilimhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa haramu, asiye na haki ya kumrithi baba yake. Serikali ya Manley ikaufuta ubaguzi huo.

Sidai kwamba alikuwa mtakatifu, maana alioa mara tano, na uchaguzi wa 1980 uliomwondoa madarakani ulitanguliwa na umwagaji damu wa kutisha. Lakini tunajibu nini sisi tunaosoma Ezekieli 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, ikiwa wanasiasa walimtendea haki mtoto ambaye sisi tunamfungia mlango? Wazee wa Gileadi, nchi ya kwao Yefta, walimfuata walipobanwa vitani na Waamoni, nasi tunafanya vivyo hivyo: kijana huyu ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, ndiye aliyekesha matangani akipasua kuni, wala hakuna aliyemuuliza habari za ndoa ya mama yake mpaka ilipotajwa hati ya shamba.

Wazee wangu, nawasihi kwa heshima: kabla kikao hicho hakijakaa tena, mfuateni kijana huyo nyumbani kwa mama yake, waombeni radhi wote wawili, na jina lake liandikwe katika orodha ya watoto wa marehemu.