Bikoni ya nne: daftari langu la shoti

Kazi inayonilipia kodi ya chumba hapa Makole, Dodoma, ni kupiga video za harusi, sendofu na kipaimara. Skiti, yaani video fupi za kuchekesha, tunafanya Jumapili, mimi na wenzangu wachache, kwa simu moja, stendi moja na kamaiki ka kubana kwenye shati. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akisikia "kupanga shoti" anaanza kufikiria taa za mamilioni na gari la vifaa. Hakuna. Kuna daftari la shule lenye mistari.

Kwenye harusi hupangi kitu, unakimbiza. Bibi harusi akilia ukiwa umegeukia keki, imekula kwako. Skiti unaiamua wewe kuanzia hewa, na kitu cha kwanza ninachoamua si engo wala simu ikae mbali kiasi gani. Daftari langu lina safu nne: namba ya shoti, anayeonekana, umbali, na ya mwisho nimeiandika ASIYEJUA. Katika kila shoti lazima kuwe na mtu ambaye kuna jambo halijui. Anaweza kuwa muigizaji, anaweza kuwa mtazamaji. Safu hiyo ikibaki tupu, shoti tunaifuta kabla hatujapanda bajaji.

Nitaeleza kwa skiti ya kiwanja, maana ndiyo tunayoishughulikia sasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini ni tangu 2016, serikali ilipoanza kuhama kwelikweli, na zaidi baada ya kutangazwa jiji Aprili 2018, ndipo kila kijiwe kikapata dalali wake. Nenda kanyoe, utauziwa kiwanja Nala. Nenda kanywe chai, utaambiwa Mkonze kuna kona ploti ya mwisho mwisho. Sasa, kwenye hadithi yetu mteja kashuka na SGR kutoka Dar, kavaa raba nyeupe, na shemeji yake kamwonya asitoe hata shilingi kabla ya kuona bikoni zote nne, zile alama zenye namba zinazoonyesha mipaka ya kiwanja, kwa macho yake. Dalali anamwonyesha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haionekani. Maneno yanaanza: mara mchanga umeifunika, mara ng'ombe, mara wapimaji watapita Jumatatu. Mwishowe mteja anaamua kumuuliza bibi anayepika mlenda karibu na mbuyu. Bibi anainua sufuria. Figa moja kati ya matatu ni bikoni, namba yake juu kabisa, nyeusi tii kwa masizi.

"Hili nililikuta limesimama lenyewe," bibi anasema, "nikalitafutia wenzake wawili."

Mwandishi wetu alitaka tuanze na shoti pana yenye kila kitu: shamba, mbuyu, bibi, jiko. Ndivyo wengi wanavyofundisha, mtazamaji aone mahali kwanza. Kwa sinema ya majonzi sawa. Hapa mtazamaji akishaona mafiga, halafu akasikia bikoni moja imepotea, ameshafika mwisho wa hadithi kabla yetu na anatusubiri huko akipiga miayo. Watu wamekulia kwenye mafiga hawa, huwezi kuwaficha figa kwa kuliweka mbali.

Kwa hiyo shoti namba moja nikaipanga hivi. Kamera iko mbali, mteja na dalali wanaonekana kuanzia utosini hadi viatu. Dalali kasimama kati ya kamera na jiko. Bibi haonekani, sufuria haionekani, kinachoonekana ni moshi mwembamba tu unaopanda nyuma ya bega la dalali. Moshi pembezoni mwa mji haumshtui mtu. Kwenye ASIYEJUA nimeandika: mteja, mtazamaji. Dalali anajua. Ndiyo maana mteja akisogea kulia, dalali naye anasogea kulia. Mteja akichungulia kushoto, dalali anapanua koti kama kuku anayelalia mayai. Mtazamaji atadhani ni mbwembwe za udalali. Atakuja kuelewa baadaye kwamba jamaa alikuwa anaziba jiko kwa mwili wake muda wote.

Mchezo huo ukiupiga kwa karibu umeuua. Dalali wetu, ambaye ni kijana mzuri na anajijua, anataka klozapu. Kila Jumapili tunagombana. Sura yake inachekesha, sikatai, lakini hapa kinachochekesha ni miguu: jinsi inavyohama kabla mdomo haujamaliza sentensi. Charlie Chaplin alijenga jina zima enzi za filamu zisizo na sauti kwa kuacha kamera imwone mwili mzima. Na huhitaji kwenda Marekani, marehemu Mzee Majuto alipoingia tu mlangoni ulikuwa umeshacheka, kwa mwendo ule na ule mkao wa mtu aliyekuja kudai haki asiyokuwa nayo. Ukimkata kiunoni mtu kama yule umebakiza nusu ya kichekesho. Siku hizi skiti nyingi zinavuta sura puu, kisha zinaweka sauti ya boing. Mimi nikiisikia ile sauti najua kuna shoti haikupangwa.

Moshi nao una masharti yake. Dodoma kati ya Juni na Agosti upepo unavuma karibu kutwa, mara nyingi kutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki. Basi kabla sijachora watu kwenye ukurasa, nachora mshale wa upepo. Nikiweka jiko upande unakotoka upepo, moshi utamfuata dalali popote atakapohamia, na atakohoa katikati ya uongo wake bila kuambiwa akohoe. Nikiliweka upande wa pili, moshi unakwenda zake Singida na sisi tumebaki na mtu anayeruka ruka bila sababu.

Mbuyu ulitupa kazi pia. Kwenye karatasi mwandishi kaandika "bibi amekaa kivulini". Kivuli gani Julai? Mbuyu wakati wa kiangazi hauna jani hata moja, kivuli chake ni cha shina, na shina linahamisha kivuli saa hadi saa. Shoti zote za bibi lazima zipigwe mfululizo, ndani ya kipande kimoja cha jioni, hata zile zinazotokea mwanzo wa hadithi. Tunapiga kwa kufuata jua, hadithi itajipanga kwenye kuediti. Mchana siutaki kabisa. Tuko kama digrii 6 kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri linakuja kutoka juu na macho ya mtu yanageuka mashimo. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba linapita karibu utosini kabisa. Muigizaji wa vichekesho asiyeonekana macho ni redio. Naanza saa kumi, na nina kama saa mbili na nusu kabla giza halijaingia. Mbele ya bibi, nje ya fremu, mtu anashika shuka jeupe ili mwanga uliogonga mchanga na shuka umrudie usoni.

Ukipiga na simu, kabla ya shoti yenye moshi bonyeza kidole kwenye uso wa muigizaji mpaka simu ifunge mwanga na fokasi. Usipofunga, kila wingu la moshi likipita simu inadhani dunia imebadilika, picha inang'aa, inafifia, inang'aa.

Sasa sufuria, ambayo imeniumiza kichwa kuliko yote. Video zetu zinatazamwa kwenye simu iliyosimama wima, na mtazamaji haoni fremu nzima ninayoiona mimi. Chini kunakaa maandishi ya posti, kulia kuna moyo, maoni na kitufe cha kushea. Jiko la mafiga liko chini kwa asili yake. Ukipiga bibi na jiko kwa kamera iliyosimama kifuani, bikoni inaangukia palepale penye maandishi, na siri ya skiti nzima imefunikwa na hashitegi. Kwa hiyo shoti namba kumi na moja kamera inashuka mpaka usawa wa mafiga. Simu inalala kwenye mfuko wa mchanga, sufuria ipo katikati ya skrini, uso wa bibi unajaa juu. Bibi akiinua sufuria, inapanda na kuuziba uso wake, na katikati inabaki bikoni peke yake. Sikupanga hilo la uso kuzibwa. Lilitokea tukijaribu na sufuria tupu uani kwetu, nikaliandika haraka lisipotee.

Hapo tukabishana tena. Je, tuonyeshe kwanza uso wa mteja akishangaa, ndipo bikoni, au bikoni kwanza? Wengi kundini walitaka uso kwanza. Hoja yangu ni kwamba uso ukitangulia, mtazamaji anaambiwa acheke kabla hajapewa cha kuchekea. Bikoni kwanza. Ikae muda wa kutosha mtu asome namba mpaka tarakimu ya mwisho. Uso wa mteja ufuate, na usifanye kitu. Muigizaji wetu wa mteja anajua kutofanya kitu, kipaji adimu sana, sijui kwa nini hakisifiwi.

Halafu mteja anageuka kumtafuta dalali, na tunarudi kwenye shoti namba moja. Ileile: umbali uleule, urefu uleule, mbuyu ukikatwa palepale. Ila dalali hayupo. Pale alipokuwa amesimama sasa unaonekana mwanya, na ndani ya mwanya kuna bibi, sufuria, mafiga, kila alichokuwa anakiziba. Mbali kabisa, vumbi la bodaboda. Safu ya ASIYEJUA hapa nimeweka jina moja tu, bibi, kwa sababu bado anashangaa hawa watu wamekuja kufanya nini na kama watakula.

Ili shoti hizo mbili zilingane, tukishapiga ya kwanza tunaweka jiwe kwenye kila mguu wa stendi, napima urefu kwa futi ya fundi cherehani na kuandika pembeni mwa ukurasa. Simu haizoomiwi. Kamera ikihama hata nusu hatua, mtazamaji hatambui kwamba ni palepale, na ule mwanya unakuwa uwanja tu.

Kuna jambo moja la kawaida ambalo kwenye vichekesho nalishikilia zaidi: mstari kati ya watu wawili wanaoongea. Dalali yuko kushoto anatazama kulia, mteja kulia anatazama kushoto. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo siku nzima. Ukiuvuka, ghafla wote wanatazama upande mmoja kama abiria wa daladala, na mtazamaji anapoteza sekunde akijiuliza nani anamwambia nani. Kwenye tamthilia ya mapenzi sekunde hiyo atakusamehe. Kwenye skiti punchi, yaani pale pa kuchekea, imepita hewani.

Sehemu ya ofisini ni fupi, tutaipiga kwenye stesheneri ya rafiki yetu baada ya kufunga. Taa ni za tyubu, zinapepesa kwa kufuata umeme, na umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo naweka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, picha isipepese. Basi.

Sauti ndiyo bado. Upepo ule ule tunaoutaka kwa moshi unaingia kwenye maiki na kunguruma. Tumefunika maiki kwa kipande cha manyoya kilichokatwa kwenye kofia ya mtoto, inasaidia, ingawa dalali anaonekana amebandikwa panya kifuani. Nimeamua panya abaki. Shoti namba tatu mteja atamtazama, hatauliza.

Tumebakiza nafasi moja, ya mpima ardhi atakayekuja Jumatatu kweli kwenye sehemu ya pili na kukuta bibi ameongeza jiko la pili kwenye bikoni ya tatu. Tunatafuta mzee mwenye sauti ya ofisini, anayeweza kusimama juani bila kukunja uso, na kama ana koti lake mwenyewe la kuakisi mwanga itakuwa nafuu kwetu. Nauli tunatoa. Mlenda wa bibi ni wa kweli, utaliwa baada ya shoti ya mwisho.