Dawa ya ADHD na presha yangu: namna nilivyoufuatilia moyo tangu nianze tiba

Nilipoandikiwa dawa ya ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza umakini, nikiwa mtu mzima, hapa Birmingham ninakoishi, nilihofia moyo kuliko kitu kingine chochote. Baba yangu, Mungu amrehemu, alifariki kwa kiharusi baada ya kuugua presha kwa miaka mingi, na mama aliposikia habari hizo kwa simu akiwa Mombasa aliniambia waziwazi, "Mwanangu, presha ni ya ukoo wetu, usimeze chochote kabla hujapimwa." Kwa bahati nzuri, mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018 na NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba huko, unaagiza vivyo hivyo: kabla ya dozi ya kwanza mgonjwa hupimwa uzito, presha na mapigo ya moyo, na huulizwa kama amewahi kuzimia au kuumwa kifua anapofanya mazoezi, na kama katika ukoo wake yupo aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hufanyiwa yule tu ambaye majibu yake au dawa nyingine anazotumia zinatia shaka.

Dawa yangu ni methilifenideti ya vidonge vinavyoachia dawa polepole mchana kutwa. Huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za neva hutumia kupeana ujumbe, zisirudishwe upesi ndani ya seli za neva zilizozitoa, na hapo ndipo utulivu wa akili unapopatikana. Lakini noradrenalini ndiyo ile ile inayomwagika mtu anaposhtuka: huufanya moyo upige kwa kasi na nguvu zaidi, na huibana mishipa ya damu. Kwa hiyo moyo kwenda mbio kidogo na presha kupanda ni mambo yatokanayo na utendaji wenyewe wa dawa, na dawa za jamii ya amfetamini nazo huleta hali hiyo hiyo. Kwa wastani mapigo huongezeka kati ya 3 na 6 kwa dakika, na presha kati ya milimita 2 na 4 za zebaki. Ni ongezeko dogo, ila huo ni wastani wa watu wengi. Wapo wasioguswa kabisa na wapo wanaopanda mara kadhaa ya hapo, na hakuna awezaye kujua yuko kundi gani mpaka apimwe.

Nilinunua kipimo cha presha cha kuvaa juu ya kiwiko na kutenga daftari. Asubuhi kabla ya kidonge, na tena alasiri dawa ikiwa imeshika, nilikaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu haikupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kisha nikapima mara mbili kwa kupishana dakika moja. Kando ya kila kipimo niliandika saa niliyomeza dawa. Safu hiyo ya saa ndiyo iliyofaa kuliko zote, kwa sababu kipimo cha asubuhi peke yake kingemwonyesha daktari moyo ambao bado haujaonja dawa.

Kwa dozi ya miligramu 36, alasiri nilikuwa nikipata kama 131 kwa 82, mapigo 84. Dozi ilipopandishwa hadi miligramu 54 niliweza kumaliza kazi za ofisini bila kuhangaika, lakini daftari likaanza kuonyesha 142 kwa 90, na mapigo zaidi ya 100 nikiwa nimekaa tu. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 ndio mpaka ambapo presha huhesabiwa kuwa ya juu. Nilimpelekea muuguzi kurasa zote, akalinganisha saa na saa, akapima mwenyewe, na daktari akanirudisha kwenye 36. Vipimo vikashuka. Umakini ulipungua kidogo, nami niliridhia, maana kiharusi nilikiona kwa macho yangu nyumbani kwetu.

Vitu vingine huongeza mzigo juu ya dawa, nami nilivishughulikia kimoja kimoja. Kahawa tungu niliiacha asubuhi za kazi. Nikipata mafua humwuliza mfamasia kwanza, kwa kuwa dawa nyingi za kuzibua pua zina sudoefedrini, ambayo nayo hupandisha presha. Ramadhani ilinitaka mpango wa peke yake: humeza kidonge wakati wa daku, na nilikubaliana na daktari mapema kwamba nikisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio nitafungua.

Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia watu zaidi ya 278,000, ulihusisha matumizi ya miaka mingi na ongezeko la hatari ya presha na ugonjwa wa mishipa, hasa kwa dozi kubwa. Ndiyo maana sikulitupa daftari baada ya dozi kutulia. Kliniki hunipima kila baada ya miezi 6, nami nyumbani hupima wiki moja kabla ya kwenda. Tumeshakubaliana kwamba wastani ukivuka ule mpaka, dozi itapunguzwa tena au nitapewa dawa ya presha pamoja nayo. Na kwamba kifua kikiuma au nikizimia, nitapiga 999, namba ya dharura ya huku, papo hapo bila kungoja miadi.