Kitangulizi kisomwe lini?

Ukikuta kitabu kimepewa namba 0 kwenye orodha ya mfululizo mrefu wa fantasia, usikimbilie kuanza nacho. Namba hiyo inaeleza tu kwamba matukio yake yalitangulia. Haisemi mwandishi alikuwa anamwandikia nani. Vitangulizi, yaani vitabu vinavyosimulia yaliyotokea kabla ya kitabu cha kwanza, vingi huandikwa mfululizo ukiwa umeshafika mbali, kwa ajili ya watu wanaowajua wahusika na wanaotaka kujua walikotoka.

Chukua New Spring ya Robert Jordan. Mfululizo wake, The Wheel of Time, ulianza 1990 na ukakamilika 2013 kwa vitabu 14, vitatu vya mwisho vikimaliziwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki 2007. New Spring ilitoka kwanza 1998 kama kisa kifupi ndani ya mkusanyiko wa waandishi mbalimbali, kisha ikapanuliwa kuwa riwaya kamili 2004, yaani baada ya kitabu cha 10 na kabla ya cha 11. Inarudi nyuma miaka ipatayo 20, kwa Moiraine, mwanamke mwenye nguvu za kichawi, na Lan, mlinzi wake, kabla hatujakutana nao.

Sasa angalia kinachoharibika ukianza nayo. Katika The Eye of the World, kitabu cha kwanza, Moiraine anaingia kijijini akiwa mgeni. Vijana wanaoondoka naye hawajui kama ni mtu wa kuaminiwa, na sisi tunamtazama kwa macho yao. Shaka hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya safari. New Spring inakuingiza kichwani mwake: unajua anamtafuta nani, kwa nini, na ameapa nini. Ukirudi kwenye kitabu cha kwanza, vijana wanatetemeka na wewe unapiga miayo. Asili ya Lan nayo, ambayo kitabu hicho kinaichelewesha makusudi, unakuwa umeshapewa yote.

Hasara kubwa zaidi iko mwanzoni mwa kitabu cha pili, The Great Hunt. Kiongozi mwenye mamlaka makubwa anawasili na msafara wake, Moiraine anaitwa mbele yake, na kila dalili inaonyesha kuna kiama kinamsubiri. Kisha mlango unafungwa. Kinachofuata chumbani sikisemi, maana ni mojawapo ya sehemu tamu za vitabu vya mwanzo, lakini aliyesoma New Spring anakijua kabla hata mgeni hajashuka kwenye farasi.

Upande wa pili, kitangulizi hicho hicho kina mambo ambayo msomaji mpya hawezi kuyafaidi. Anapita humo mama mmoja mkali, Cadsuane, ambaye mfululizo wenyewe unamleta katika kitabu cha 7, A Crown of Swords. Anayemjua atacheka mara tu jina lake likitajwa. Asiyemjua ataona bibi mjeuri tu na kujiuliza kwa nini kurasa zote hizo ni zake.

Kwa hiyo mimi naona New Spring isiguswe kabla ya kumaliza kitabu cha 3, na wakati wake mzuri ni baada ya cha 7. Kuisoma pale ilipotoka, kati ya cha 10 na cha 11, nako kunafaa: kitabu cha 10 kinakwenda polepole mno, na hiki ni kifupi na kina mwendo. Tatizo la kukisoma hapo ni kwamba una nyuzi nyingi za hadithi kichwani, ukizitua unazisahau. Kabla ya kuhama, andika nusu ukurasa: nani yuko wapi, anafuatwa na nani, ana siri gani. Usiende kuuliza ensaiklopidia za mashabiki mtandaoni, maana sentensi ya kwanza kuhusu mhusika mara nyingi ndiyo inayotaja alivyokufa.

Kwa mfululizo usioujua, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji, tazama mwaka, kisha uulinganishe na miaka ya vitabu vingine. Kitangulizi kikiwa kimetoka baada ya kitabu cha tano, chukulia kwamba mwandishi anaamini umesoma vyote vitano. Halafu uliza: wahusika wake ni wale wale, au ni mababu zao? Kikiwa cha wale wale, hatari ya kuharibu uhondo ni kubwa.

Kikiwa cha mababu, una uhuru zaidi. Visa vya Dunk na Egg vya George R. R. Martin, vilivyokusanywa 2015 katika A Knight of the Seven Kingdoms, vinatokea takriban miaka 90 kabla ya A Game of Thrones, kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mkuu, na unaweza kuvisoma wakati wowote baada ya kitabu hicho. Ila ningeviweka kabla ya kitabu cha nne, A Feast for Crows. Humo kuna mzee anayemwita Egg kwa jina, na neno hilo moja lina uzito tofauti kabisa kwa aliyekwisha kukutana na huyo kijana.

Watu watakutajia Narnia, mfululizo wa C. S. Lewis. The Magician's Nephew ilitoka 1955 ikiwa ya sita, na leo inachapishwa ikiwa namba 1. Lewis mwenyewe, akimjibu mtoto mmoja kwa barua mwaka 1957, aliunga mkono mpangilio wa matukio, ingawa aliongeza kwamba pengine mpangilio si jambo kubwa. Kwa heshima zote, mwandishi anajua kila kitu tangu mwanzo, hivyo si shahidi mzuri wa anayesoma mara ya kwanza. The Lion, the Witch and the Wardrobe ya 1950 inamwambia msomaji waziwazi kwamba hamjui Aslan, yule simba mkuu wa Narnia, kama watoto wasivyomjua. Aliyeanza na namba 1 anamjua vizuri sana. Hata nguzo ya taa iliyosimama peke yake msituni kwenye theluji haimshangazi tena, ameshaiona ikiota.

Ukirudia mfululizo kwa mara ya pili, anza na kitangulizi ukipenda. Hakuna siri iliyobaki ya kulinda, na utaona vizuri pale mwandishi alipolazimika kuvitia viraka vitabu vya zamani ili vikubaliane na kipya. Angalizo tu kwa wanaonunua vifurushi vya kidijitali au vya kusikiliza: vingine hukiweka kitangulizi mbele kabisa, na programu ikianza kucheza yenyewe unaweza kufika sura ya tatu kabla hujagundua. Angalia jina la faili kwanza.